Umeme Gani? Kuandaa Bodi ya Mikrokontrola kwa Maelekezo ya Kiswahili



Wengi wenu mmezoea kukuta katika kurasa hizi mambo ya ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwani tunawaletea habari ya waya, betri na taa ndogo. Tunaamini kwamba mkifika mwisho mtakubaliana nasi kuwa jambo hili linamhusu mwalimu wa Kiswahili sawasawa na linavyomhusu fundi.

Chanzo cha makala haya ni bodi moja iliyoungua. Wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Rusizi walipewa kazi ya kuandika mwongozo mfupi utakaowasaidia vijana wa sekondari kuandaa bodi ya majaribio ya mikrokontrola. Walijitahidi. Katika hatua ya tatu waliandika hivi: "Unganisha bodi na umeme wa betri, kisha washa." Sisi walimu tuliisoma sentensi hiyo tukaipa alama ya vyema, kwa sababu kisarufi haina kasoro. Siku ya majaribio, kijana mmoja alichukua waya mbili kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12, akatafuta mahali pa kuzichomeka, akaona pini ambayo kando yake pameandikwa 5V, akachomeka hapo. Punde si punde tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Bodi ikafa. Tulikuwa na bodi mbili tu, ikabaki moja.

Tulipoulizana kosa ni la nani, hatukuweza kumlaumu kijana. Alifanya kile alichoambiwa. Aliambiwa aunganishe na umeme wa betri, akaunganisha. Hakuambiwa umeme wa kiasi gani, wala uingie kwa mlango upi. Kosa lilikuwa letu sisi tuliosahihisha. Makala haya, basi, yana kazi mbili: kwanza, kueleza namna ya kuandaa bodi ya aina hii na kuipatia umeme kwa usalama, pili, kuonyesha maneno tunayohitaji ili maelekezo yetu yasiunguze kitu.

1. Bodi hii ni kitu gani?

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyojengwa ndani ya chipu moja. Ina sehemu ya kufanyia hesabu, ina kumbukumbu, na ina miguu ya chuma ambayo kwayo hupokea habari kutoka nje na kutoa amri. Ndiyo inayoendesha mashine ya kufulia, rimoti ya televisheni na mizani ya dukani. Chipu peke yake ni ngumu kuitumia mezani, kwa hiyo watengenezaji huiweka kwenye bodi pamoja na vifaa vya kuisaidia: tundu la kebo ya USB, tundu la adapta, taa za kuonyesha hali, kitufe cha kuanzisha upya, na safu za matundu ya kuchomekea waya. Bodi ya namna hiyo huitwa bodi ya majaribio, kwa kuwa mtu huitumia kuijaribu chipu kabla hajatengeneza kifaa chake mwenyewe.

Bodi tuliyoitumia sisi ni Arduino Uno ya toleo la tatu. Mradi wa Arduino ulianzia katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa lengo la kuwawezesha wanafunzi wasio wahandisi kutumia mikrokontrola. Bodi yenye jina la Uno ilitoka mwaka 2010. Chipu yake kuu inaitwa ATmega328P. Kumbukumbu yake ya kuhifadhi programu ni kilobaiti 32, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Ili msomaji wa fasihi apate picha, kilobaiti 2 ni herufi 2,048 tu. Barua ya kurasa mbili haienei humo. Hata hivyo kiasi hicho kinatosha kuwasha taa za barabarani kwa zamu au kupima joto la chumba usiku kucha.

2. Neno umeme lina maana ngapi?

Katika Kiswahili cha kila siku neno umeme hubeba mzigo mkubwa. Tunasema umeme umekatika, umeme ni mdogo, umeme umempiga, tumelipia umeme. Katika kila sentensi neno ni lile lile lakini kinachozungumzwa si kile kile. Fundi anahitaji angalau maneno matatu mahali ambapo sisi tunatumia moja: volteji, mkondo na nguvu.

Mfano ulio karibu nasi ni Mto Ruzizi. Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye kimo cha takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye kimo cha takriban mita 770. Ruzizi unatoka ziwa la juu kwenda ziwa la chini, na tofauti ya vimo hivyo, mita zipatazo 690, ndiyo inayoyasukuma maji. Kwenye umeme, tofauti ya namna hiyo huitwa volteji, na hupimwa kwa volti. Kiasi cha maji kinachopita chini ya daraja kwa sekunde moja ndicho mkondo, na mkondo wa umeme hupimwa kwa ampea. Kiasi kidogo hupimwa kwa miliampea, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Kazi inayoweza kufanywa na maji hayo kwa kila sekunde hutegemea vyote viwili, urefu wa maporomoko na wingi wa maji. Hiyo ndiyo nguvu, nayo hupimwa kwa wati. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati.

Mfano huu si wa kubuni tu. Mabwawa ya umeme yamejengwa kwenye sehemu ya juu ya mto, karibu na Bukavu na Kamembe, kwa sababu huko ndiko mto unakoshuka kwa kasi, kabla ya kufika kwenye tambarare ya Bugarama. Kituo cha Ruzizi II, kilichopo Mururu katika wilaya yetu, kilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia shirika la pamoja la SINELAC. Mwanafunzi anayechomeka chaja yake mjini Kamembe hayuko mbali na mahali umeme unapozaliwa.

Baki neno moja linalosumbua: ardhi. Kwenye bodi kuna pini zilizoandikwa GND. Mafundi wengi huziita ardhi au gandi. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama waya wa pini hiyo unapaswa kuzikwa udongoni. Swali lilikuwa la haki kabisa. Jibu ni hapana. Ardhi ya bodi ni mahali pa kuanzia kupima, sawa na usawa wa bahari tunapotaja vimo vya maziwa. Tukisema pini fulani ina volti 5, maana yake ni volti 5 juu ya pini ya GND. Kwa sababu hiyo, vifaa viwili vinavyopeana habari lazima viunganishwe ardhi zao kwanza. La sivyo, kila kimoja kitapima kimo chake kutoka bahari yake.

3. Milango ya umeme kwenye bodi

Umeme wa ukutani nchini Rwanda ni volti 230, nao ni mkondo geu: hugeuza mwelekeo huku na huko, mizunguko 50 kwa sekunde. Bodi hutaka mkondo mnyoofu, usiogeuka, na wa volti chache. Kazi ya chaja au adapta ni kushusha volteji na kuunyoosha mkondo. Bodi isiunganishwe kamwe moja kwa moja na soketi ya ukutani. Hilo si suala la kuharibu bodi tu, ni suala la uhai wa mtu.

Arduino Uno ina milango minne ya kuingizia umeme, na kila mmoja una sharti lake.

Mlango wa kwanza ni tundu la USB. Hapa huingia volti 5 kutoka kwenye kompyuta au chaja ya simu. Ndani yake kuna fyuzi inayojirudisha yenyewe, ambayo huzuia mkondo ukizidi miliampea 500. Kwa anayeanza, huu ndio mlango salama kuliko yote.

Mlango wa pili ni tundu la duara, jeusi, la kuchomekea adapta. Hapa panafaa volti 7 hadi 12. Ncha ya katikati ya plagi iwe chanya na ganda la nje liwe hasi. Umeme ukiingia hapa hupita kwenye kipunguza volteji, ambacho huushusha hadi volti 5 kabla haujafika kwenye chipu.

Mlango wa tatu ni pini iliyoandikwa VIN. Nao unapitia kwenye kipunguza volteji hicho hicho, kwa hiyo masharti ya volteji ni yale yale. Tofauti ni kwamba hapa hakuna diodi ya kukulinda ukigeuza chanya na hasi. Ukikosea, umekosea.

Mlango wa nne ni pini iliyoandikwa 5V. Hapa ndipo bodi yetu ilipokufa. Pini hii imeunganishwa moja kwa moja na chipu, na hakuna kipunguza volteji katikati. Kwa kawaida ni mlango wa kutolea: bodi hutoa hapo volti 5 za kulisha vifaa vingine. Chipu ya ATmega328P hufanya kazi vizuri hadi volti 5.5, na kikomo chake cha mwisho kabisa ni volti 6. Kuiingizia volti 12 hapo ni sawa na kufungua bwawa juu ya shamba la mpunga.

Tuongeze tahadhari moja. Si bodi zote hutumia volti 5. Raspberry Pi Pico, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2021, hufanya kazi kwa volti 3.3, na pini zake zisipewe volti 5. Kabla ya kuandika mwongozo wowote, taja jina la bodi na toleo lake.

4. Hatua kwa hatua

Zifuatazo ni hatua tulizozifuata kwa bodi iliyobaki. Tumeziandika upya mara kadhaa, na kila mara tulimpa mtu asiyejua kitu azisome akiwa mbele yetu, sisi tukiwa kimya.

(i) Andaa meza. Weka bodi juu ya mbao kavu au karatasi. Usiiweke juu ya bati, sufuria, wala ule mfuko wa rangi ya fedha au mweusi uliokuja nao. Mfuko huo unaweza kupitisha umeme, na miguu ya chuma iliyo chini ya bodi ikigusana kupitia humo, itapiga shoti.

(ii) Weka programu kwenye kompyuta mapema. Programu ya kuandikia maagizo ya Arduino hupatikana bure kwenye intaneti. Ipakue siku ambayo umeme na mtandao vipo, wala usisubiri saa ya kipindi. Baadhi ya bodi za kuiga zinazouzwa kwa bei nafuu hutumia chipu tofauti ya mawasiliano ya USB, hivyo zinahitaji programu ndogo ya ziada ili kompyuta izitambue.

(iii) Chagua kebo sahihi. Kebo nyingi za USB zinazouzwa pamoja na vifaa vya bei nafuu zina waya za kuchaji tu, hazina waya za kupitishia data. Ukiitumia kebo ya namna hiyo, bodi itawaka taa lakini kompyuta haitaiona. Tulipoteza karibu saa nzima kwa sababu hii, tukidhani bodi ya pili nayo imeharibika.

(iv) Chomeka kebo ya USB kwenye bodi kwanza, halafu kwenye kompyuta. Taa ndogo ya kijani iliyoandikwa ON itawaka na kutulia. Isipowaka, au ikiwaka na kuzima, chomoa kebo mara moja. Dalili hiyo huonyesha kuwa kuna shoti mahali fulani.

(v) Katika programu, chagua jina la bodi na lango ambalo bodi imechomekwa. Lango sahihi ni lile linalotokea kwenye orodha ukichomeka kebo na kutoweka ukiichomoa.

(vi) Fungua mfano wa kwanza uliomo kwenye programu, ule wa kumetesha taa, kisha uupakie kwenye bodi. Taa iliyounganishwa na pini ya 13 itawaka sekunde moja na kuzima sekunde moja. Ndani ya maagizo utakuta namba 1000 mara mbili. Hizo ni milisekunde. Badili zote mbili ziwe 200, pakia tena, na taa itameta kwa haraka. Ukiona mabadiliko hayo, umeshathibitisha kwamba bodi, kebo, kompyuta na programu vyote vinasikilizana.

(vii) Chomoa umeme kabla ya kuongeza au kuondoa waya wowote. Ukiongeza taa yako mwenyewe, weka kikinza kati ya pini na taa. Kwa taa nyekundu inayotumia takriban volti 2, kikinza cha omu 220 kinaacha mkondo wa karibu miliampea 14. Pini moja ya bodi hii inafaa isitoe zaidi ya miliampea 20.

(viii) Baada ya yote kufanya kazi kwa USB, ndipo ufikirie kuitoa bodi kwenye kompyuta na kuipa umeme wake yenyewe.

5. Betri, sola na umeme unaokatika

Swali ambalo wanafunzi huuliza kwanza ni hili: umeme ukikatika, je, nitaanza upya? Jibu ni hapana. Programu uliyoipakia imeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kudumu. Umeme ukirudi, bodi huanza kazi tangu mwanzo wa programu. Kinachopotea ni yale iliyokuwa inayashikilia kwa muda, kwa mfano hesabu ya watu waliopita mlangoni. Bodi ni kama mwalimu ambaye somo liko kichwani lakini ubao umefutwa. Kwa mambo machache yanayopaswa kukumbukwa, Uno ina kilobaiti 1 ya kumbukumbu ya kudumu ambayo programu inaweza kuandika na kusoma.

Kuhusu betri, tumejifunza mambo manne.

Kwanza, betri ya mstatili ya volti 9 inauzwa madukani na inaonekana inafaa, lakini huisha upesi. Uwezo wake ni takriban miliampea 500 kwa saa moja. Bodi ya Uno peke yake hula karibu miliampea 50. Gawanya, utapata saa kumi hivi, kabla hujaongeza taa hata moja.

Pili, betri nne za tochi za volti 1.5 zinatoa volti 6. Hizo ni chache mno kwa tundu la adapta, ambalo linataka 7, na ni nyingi mno kwa pini ya 5V. Tumia sita, upate volti 9, uziingize kwenye tundu la adapta.

Tatu, benki ya umeme ya kuchajia simu hutoa volti 5 safi kwa njia ya USB, lakini nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, kwa kudhani simu imeshajaa. Bodi inayofanya kazi ndogo huachwa gizani.

Nne, na hili ndilo lililotugharimu: betri ya sola inayoitwa ya volti 12 haina volti 12 wakati wote. Jua likiwa kali na betri ikiwa inachajiwa, volteji yake hupanda hadi zaidi ya 14. Hata ukiiingiza kwenye mlango sahihi, umeshavuka kiwango kinachopendekezwa. Kuna pia suala la joto. Kipunguza volteji hugeuza ziada yote kuwa joto. Ukiingiza volti 12 na bodi na vifaa vyake vikala miliampea 200, ziada ni volti 7, na ukizidisha kwa ampea 0.2 unapata wati 1.4. Kidude kidogo kama punje ya mahindi hakiwezi kubeba joto hilo kwa muda mrefu. Ukiingiza volti 7.5, joto hushuka hadi wati 0.5.

Njia tuliyoiona bora kwa nyumba zenye sola ni rahisi: tumia chaja ya simu ya gari. Chaja hiyo imetengenezwa kwa ajili ya betri za magari, ambazo nazo hupanda hadi volti 14 injini ikinguruma, na hutoa volti 5 kwa tundu la USB. Iunganishe na betri ya sola, halafu bodi ichomekwe kwenye chaja kwa kebo yake ya kawaida.

Wasomaji wetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wanaopanga kututembelea na vifaa vyao wakumbuke kwamba soketi za Rwanda hupokea plagi za miguu ya duara. Adapta zenye miguu mitatu ya mstatili zitahitaji kibadilishi.

6. Somo kwa walimu wa lugha

Turudi kwenye sentensi yetu: "Unganisha bodi na umeme wa betri, kisha washa." Sasa tunaona mapungufu yake. Neno umeme halisemi volteji. Neno betri halisemi aina. Kitenzi unganisha hakisemi mlango. Tena Uno haina swichi ya kuwashia: ukishaipa umeme, imeshawaka. Kwa hiyo hata neno washa lilimtuma kijana kutafuta kitu kisichokuwapo.

Hapa Rusizi kuna ugumu mwingine wa pekee. Mwanafunzi wetu huishi kati ya lugha nne au tano. Kwa Kinyarwanda umeme huitwa amashanyarazi, lakini katika mazungumzo watu husema pia umuriro, yaani moto. Ng'ambo ya daraja, Bukavu, Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa, na wengi huutaja umeme kwa neno courant, ambalo maana yake hasa ni mkondo. Siku moja mwanafunzi alipaza sauti darasani, "Mwalimu, bodi imepata moto!" Tulirukia waya kuzichomoa. Alikuwa anatupa habari njema kwamba taa ya kijani imewaka. Tulicheka sana, lakini lingekuwa kinyume chake, kicheko kisingekuwapo.

Kiswahili hakikosi maneno. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice zikiwa kwa Kiswahili. Upungufu ni wa mazoea: maneno hayo hayatoki kitabuni kwenda mezani. Tangu Bunge la Rwanda lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, tumefundisha zaidi barua rasmi, hotuba na salamu. Maelekezo ya kazi za mikono tumeyaacha nyuma.

Haya ndiyo maneno tuliyokubaliana kuyatumia, na maana tuliyoyapa:

Volteji: tofauti inayousukuma umeme, hupimwa kwa volti.
Mkondo: kiasi cha umeme kinachopita, hupimwa kwa ampea.
Nguvu: volti mara ampea, hupimwa kwa wati.
Ukinzani: kiasi ambacho kifaa huzuia mkondo, hupimwa kwa omu.
Kikinza: kifaa kinachowekwa makusudi ili kupunguza mkondo.
Mkondo geu: umeme unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani.
Mkondo mnyoofu: umeme usiobadili mwelekeo, kama wa betri.
Chanya na hasi: ncha mbili za mkondo mnyoofu.
Ardhi: sehemu ya sifuri ambayo volteji zote hupimwa kutoka kwake.
Shoti: umeme kupita njia ya mkato pasipo kizuizi.
Chomeka na chomoa: kuingiza na kutoa plagi, kebo au waya kwenye tundu lake.

Neno umeme hatukulifukuza. Tumelibakizia maana yake pana, na tukawekeana sharti kwamba katika sentensi ya kuamuru lisisimame peke yake. Aidha, tumewaelekeza wanafunzi kwamba kila hatua ya mwongozo iwe na kitendo kimoja tu, itaje mahali kwa jina lililoandikwa kwenye kifaa chenyewe, itaje kiasi kwa namba na kipimo chake, na iseme mtu ataona nini akifanya sawasawa. Tahadhari itangulie kitendo. Kumwambia mtu "chomeka waya" na kumwongezea mstari wa chini "lakini si kwenye pini ya 5V" ni kumchelewesha, atakuwa ameshachomeka.

Sentensi ya zamani sasa inasomeka hivi: "Usitumie pini ya 5V kuingizia umeme. Chukua adapta ya mkondo mnyoofu ya volti 9 yenye ncha chanya katikati. Chomeka plagi yake kwenye tundu jeusi la duara. Taa ya kijani iliyoandikwa ON itawaka. Isipowaka, chomoa plagi." Ni ndefu mara nne. Haina uzuri wa kimtindo. Lakini tangu tuliposahihisha, hakuna bodi iliyoungua.

Hitimisho

Tumezoea kusahihisha upatanisho wa kisarufi, na kazi hiyo tutaendelea nayo. Lakini ajali hii imetufundisha kuuliza swali la pili kila tunaposahihisha maelekezo: je, mtu asiyejua chochote, akiifuata sentensi hii neno kwa neno, atafika salama? Swali hilo linafaa kwa mwongozo wa bodi, kwa maelezo ya dawa, kwa ratiba ya mbolea na kwa tangazo la kivukoni.

Kwa wanaopenda zoezi, tunaacha hili. Chukua kifaa kimoja kilichomo nyumbani kwako, kwa mfano taa ya sola, pasi au jiko la gesi. Andika kwa Kiswahili hatua za kukiandaa na kukiwasha. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kukitumia, ukae kando, ufunge mdomo. Kila mahali atakaposita, hapo pana neno la kutafuta. Bodi iliyoungua tumeitundika ukutani katika ofisi ya idara, na chini yake tumeandika maneno mawili: umeme gani?